Kazi ya raha inapogeuka karaha mwilini

UKIMWOMBA mtu yeyote mjini akutajie kazi zinazodhuru afya, atakutajia machimbo ya mawe, viwanda vya saruji vya Athi River, au udereva wa malori ya masafa marefu kutoka Mombasa hadi Malaba. Ni nadra kumsikia akitaja ofisi yenye kuta za vioo, viti vya kuzunguka, kahawa ya bure na vijana waliovalia fulana na raba. Mzazi ambaye mtoto wake ameajiriwa katika ofisi kama hiyo hutembea kifua mbele, na majirani humpongeza.

Hata hivyo, sisi madaktari tunawaona vijana hao kliniki. Huja na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, tumbo linalowaka, moyo unaodunda usiku, au usingizi uliopotea kabisa. Wengi huanza kwa maneno yale yale: "Daktari, mimi si mgonjwa, nimechoka tu."

Katika makala ya leo tutajifunza jinsi kazi ya namna hii inavyouingia mwili, na la kufanya kabla mambo hayajaharibika. Tutatumia mfano wa kampuni moja ya Marekani iitwayo WeWork. Nimeichagua kwa sababu mambo yake yaliandikwa waziwazi ulimwenguni, na kwa sababu wafanyakazi wake wengi walikuwa vijana wa rika la wale wanaofanya kazi katika kampuni changa za teknolojia hapa Nairobi. Ukielewa yaliyowapata, utaweza kuitazama kazi yako, au ya mtoto wako, kwa jicho la afya.

Kampuni ya nyumba iliyojiita ya teknolojia

WeWork ilianzishwa jijini New York mwaka wa 2010 na Adam Neumann na Miguel McKelvey. Biashara yenyewe si ngumu kueleweka. Kampuni ilikodi orofa za majumba makubwa kwa mikataba ya miaka mingi, kwa wastani 15, ikazigawa kwa vioo, ikazipamba, kisha ikazikodisha vipande vipande kwa wafanyabiashara wadogo na kampuni nyingine, baadhi yao wakilipa mwezi kwa mwezi. Mpangaji mkubwa anayepangisha wapangaji wadogo ni jambo ambalo hata mwenye ploti wa Githurai analielewa.

Lakini WeWork ilijitambulisha kama kampuni ya teknolojia, na wawekezaji wakaithamini hivyo. Mnamo Januari 2019 ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa na wafanyakazi wapatao 12,500 katika nchi nyingi.

Tazama hesabu hiyo vizuri, kwa maana ndiyo chanzo cha ugonjwa tutakaouzungumzia. Kampuni ilikuwa na deni la kodi la miaka 15, ilhali mpangaji wake mdogo angeweza kufunga virago mwezi ujao. Ili wawekezaji waendelee kutoa fedha, ilibidi kampuni ikue haraka: jengo jipya lifunguliwe, viti vijazwe, mji mwingine uingiwe. Waliobeba haraka hiyo mabegani ni wafanyakazi wa kawaida: muuzaji, fundi wa kompyuta, mpokea wageni, mfagiaji. Tarehe ya kufungua jengo ilipangwa na wakubwa, nao wakatakiwa kuitimiza hata kama mchana ulikuwa hautoshi.

Bia ya bure, mikutano ya usiku

Waliowahi kufanya kazi huko wameeleza mara nyingi, katika magazeti na filamu, jinsi maisha yalivyokuwa. Mazuri yalikuwepo, na haifai kuyaficha. Walipata marafiki wa rika lao, walijifunza mengi kwa muda mfupi, na waliamini kwamba wanabadilisha jinsi watu wanavyofanya kazi duniani. Kulikuwa na bia ya bure ofisini, sherehe za mara kwa mara, na kambi ya kila mwaka ya majira ya joto yenye muziki na pombe.

Kwa upande mwingine, mikutano ya Jumatatu ilifanywa jioni baada ya kazi na kuendelea hadi usiku. Siku za kazi zilirefuka. Wengi walisema hata ile kambi ya burudani haikuwa ya hiari. Mnamo Julai 2018 kampuni ilitangaza kwamba haitawarudishia wafanyakazi gharama za mlo wowote wenye nyama. Kula mboga kuna faida zake, lakini tukio hilo linaonyesha jinsi mwajiri alivyoingia hadi kwenye sahani.

Jambo jingine lilikuwa malipo. Sehemu ya malipo ya wengi ilikuwa ahadi: haki ya kununua hisa za kampuni baadaye kwa bei iliyopangwa mapema. Kampuni ikiingia katika soko la hisa kwa bei ya juu, mfanyakazi angeuza hisa hizo na kupata faida kubwa. Kijana anayeambiwa hivyo huvumilia mengi. Huahirisha likizo, huahirisha daktari wa meno, huahirisha hata harusi, akisema, "Mwaka mmoja tu."

Miezi mitatu ya kungoja

Agosti 2019 WeWork ilichapisha hesabu zake ikijiandaa kuuza hisa kwa umma. Watu wakasoma kwamba mwaka wa 2018 ilikuwa imepata mapato ya takriban dola bilioni 1.8, na hasara ya takriban dola bilioni 1.9. Imani ikayeyuka. Neumann aliacha cheo cha mkurugenzi mkuu Septemba 24, na mpango wa kuuza hisa ukaondolewa kabla ya mwezi huo kwisha. Oktoba, kampuni ya SoftBank ya Japani iliiokoa WeWork kwa mpango ulioithamini kwa takriban dola bilioni 8. Hisa za ahadi walizokuwa wakizingoja wafanyakazi wengi zikawa kama noti za nchi iliyopinduliwa.

Ilijulikana mapema kwamba watu wengi wangepoteza kazi, lakini haikujulikana ni nani wala lini. Iliripotiwa kwamba kampuni ilichelewa kuwafuta kwa kuwa haikuwa na fedha za kuwalipa marupurupu ya kuondokea. Wakati huo huo ilitangazwa kwamba mwanzilishi angeweza kupata hadi dola bilioni 1.7 kwa kuondoka. Kundi la wafanyakazi likawaandikia wakubwa barua Novemba likitaka wasikilizwe na watendewe haki. Hatimaye, Novemba 21, 2019, watu wapatao 2,400 walipigwa kalamu.

Kampuni yenyewe iliingia katika soko la hisa mwaka wa 2021, ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika Novemba 2023, na kutoka humo Juni 2024 ikiwa imepunguza majengo na madeni yake.

Sasa tuweke kando habari za fedha, tuuangalie mwili wa mtu aliyekuwa akienda kazini kila asubuhi katika miezi hiyo mitatu, bila kujua kama jioni bado ana kazi.

Mwili unafanya nini?

Mwenyezi Mungu ametuumba na kengele ya hatari. Ukiona gari linakujia kasi ukivuka Barabara ya Thika, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo hudunda haraka, presha hupanda, damu hukimbilia misuli, nawe huruka kando. Homoni nyingine, kotisoli, hutoa sukari mwilini ili upate nguvu. Gari likishapita, kengele hunyamaza na mwili hutulia.

Shida ni kwamba kengele hii haitofautishi gari na ujumbe wa bosi unaoingia kwenye simu saa tano usiku. Na ujumbe haupiti ukaisha kama gari. Kesho kuna mwingine. Mtu anayeishi hivyo kwa miezi ni kama matatu iliyoachwa ikinguruma stejini usiku kucha. Haijaenda popote, lakini mafuta yamekwisha na injini imechemka.

Usingizi ndio huharibika kwanza. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Asiyepata kiasi hicho kwa muda mrefu huwa mwepesi wa hasira, husahau, hula ovyo, na uwezekano wake wa kupata presha na kisukari huongezeka. Kisha huja misuli: shingo na mabega hukakamaa, kichwa huuma kama kimefungwa kamba. Tumbo nalo hulalamika.

Hapa nisahihishe jambo moja. Wengi husema, "Kazi hii imenipa vidonda vya tumbo." Madaktari wa Australia Barry Marshall na Robin Warren, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005, walionyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Dawa za maumivu, kama vile aspirini na ibuprofeni, zikimezwa mara kwa mara huleta vingine. Mawazo mengi huzidisha kiungulia na maumivu, lakini kwa kawaida hayachimbi kidonda peke yake. Kwa hivyo ukiumwa na tumbo, usilaumu bosi pekee. Pimwa, kwa maana bakteria huyo ana dawa.

Saa 55 kwa wiki

Je, kuna ushahidi kwamba kazi nyingi huua? Upo. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba mwaka wa 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ikilinganishwa na mtu anayefanya kazi saa 35 hadi 40, hatari ya kupata kiharusi huongezeka kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17.

Piga hesabu yako. Anayeingia saa mbili asubuhi na kutoka saa mbili usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, amefanya saa 60 hata akitumia saa moja kula. Ukiondoa hiyo saa ya chakula kila siku, zinabaki 55. Na hapo hatujahesabu Jumamosi, wala kompyuta aliyoifungua kitandani.

Kutojua kunakoumiza zaidi ya kazi

Hata hivyo, saa peke yake hazielezi kila kitu. Mkulima wa Nyandarua hufanya kazi tangu alfajiri wakati wa kuvuna, na akalala fofofo. Kuna kitu kingine.

Mwaka wa 1979 mtaalamu wa Marekani Robert Karasek alieleza kwamba kazi inayochosha roho zaidi ni ile inayomdai mtu mengi huku ikimnyima uwezo wa kuamua. Huko Uingereza, uchunguzi maarufu wa watumishi wa serikali uitwao Whitehall, ulioanza mwaka wa 1967, ulionyesha kwamba watumishi wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara tatu kuliko wale wa ngazi ya juu. Uvutaji wa sigara na presha vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi uliofuata, ulioanza mwaka wa 1985, uligundua kwamba kukosa usemi juu ya kazi yako mwenyewe ni sehemu ya jibu.

Kwa maneno mengine, si wakubwa wenye mikutano mingi walioumia zaidi, kama tunavyodhani. Walioumia ni waliopangiwa kila kitu bila kuulizwa.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mfanyakazi wa WeWork katika Oktoba ya 2019 hakuwa na kazi nyingi kuliko ya Juni. Alichokuwa nacho ni kutojua. Hakuweza kupanga kodi ya nyumba, hakuweza kukubali kazi nyingine bila kupoteza marupurupu ya kuondokea, na habari za kampuni yake alizisoma gazetini kama mtu wa nje. Tishio lisilo na tarehe huiacha kengele ya mwili ikilia mchana na usiku, kwa sababu hakuna wakati ambapo hatari imepita.

Funzo la vibanda vya simu

Katika kipindi hicho hicho lilitokea jambo jingine linalotuhusu sisi wa afya. Oktoba 2019 WeWork ilitangaza kwamba ilikuwa inafunga vibanda vipatavyo 2,300 vya kupigia simu katika ofisi zake za Marekani na Kanada. Ilikuwa imegunduliwa kwamba baadhi yake vilikuwa na kiwango cha juu cha kemikali iitwayo fomaldehaidi. Watu waliovitumia walikuwa wamelalamika kuhusu harufu na macho kuwasha.

Fomaldehaidi hutumiwa katika gundi ya mbao za kubana, ile inayounda meza na kabati nyingi za kisasa. Huwasha macho, pua na koo, na huweza kuamsha pumu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa kwa watu wanaoivuta kwa wingi kwa miaka mingi.

Nalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, ofisi mpya inayonukia rangi na gundi inahitaji madirisha kufunguliwa, na mlalamikaji wa kwanza asichekwe. Pili, katika ofisi ambapo kila mtu anatarajiwa kuonekana mwenye furaha, malalamiko madogo ya mwili hunyamazishwa. Mwenye macho mekundu huambiwa amelala vibaya. Mwenye kichwa hununua dawa dukani.

Uchovu wa kawaida au uliopita kiasi?

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi katika orodha yake mpya ya magonjwa. Haliiti ugonjwa, bali hali inayotokana na mfadhaiko wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu:

Ya kwanza ni kuishiwa nguvu kabisa. Unaamka umechoka kama ulivyolala, na likizo ya siku mbili haibadilishi kitu.

Ya pili ni kuichukia kazi au kuwa baridi kwayo. Mteja aliyekuwa rafiki sasa ni kero, na kila tangazo la wakubwa unalijibu moyoni kwa kejeli.

Ya tatu ni kuona kwamba hufai kitu. Kazi uliyokuwa ukiimaliza kwa saa moja sasa inakuchukua siku nzima.

Ukiwa na dalili hizi, njoo upimwe kabla ya kujipa jina la ugonjwa. Uchovu una mama wengi: upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, ujauzito, na pia ugonjwa wa huzuni kali. Huo wa mwisho haukomi mlangoni mwa ofisi. Ukikaa wiki mbili au zaidi bila furaha katika jambo lolote, hata katika mambo uliyoyapenda, hamu ya chakula imebadilika, na unajiona mzigo kwa wengine, huo si uvivu. Ni ugonjwa, na unatibika.

Anayefikiria kujiua apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Wengine waliogopa kusema kwa sababu sheria yetu ilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Semeni bila hofu.

Siku ya kupigwa kalamu

WeWork si kampuni pekee ya sekta hii iliyowapitisha watu njia hiyo. Kampuni ya Better.com, inayotoa mikopo ya kununua nyumba kupitia mtandao, iliwafuta wafanyakazi wapatao 900 Desemba 1, 2021, katika mkutano wa video wa dakika chache. Waliokuwa kwenye mkutano waliambiwa kwamba, kwa kuwa wameitwa, basi wamefutwa. Ilikuwa wiki chache tu kabla ya Krismasi.

Kupoteza kazi ni msiba. Mwili huomboleza kama ulivyoomboleza ndugu: kuna kutoamini, hasira, aibu, kisha huzuni. Hatari kubwa huja pale mtu anapoficha. Tumewasikia wanaume wanaovaa tai kila asubuhi na kwenda kuketi bustani ya Uhuru ili mke asijue kwamba kibarua kimeota nyasi. Siri hiyo hupandisha presha kuliko ukosefu wa mshahara wenyewe.

Jua pia haki yako, kwa maana kujua hupunguza hofu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 inasema kwamba mwajiri anayepunguza wafanyakazi ni lazima atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama chao, au kwa mfanyakazi mwenyewe asiye na chama, na kwa afisa wa leba. Anapaswa kulipa siku za likizo zilizobaki, na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha kazini. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Bia ya bure haichukui nafasi ya siku hizo.

Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

"Daktari, mimi nina miaka 27. Presha si ya wazee?"

La. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Presha haina dalili kwa miaka mingi. Pimwa angalau mara moja kwa mwaka. Ikiwa ni 140 juu ya 90 au zaidi, rudi upimwe tena siku nyingine, ukiwa umetulia.

"Bia mbili baada ya kazi hunisaidia kulala. Kuna ubaya gani?"

Pombe hukupa usingizi wa haraka lakini mbovu. Saa nane usiku unaamka moyo ukidunda. Baada ya miezi michache mbili huwa nne. Ikiwa huwezi kulala bila bia, tatizo limekuwa la aina mbili.

"Nikimwambia bosi nimechoka, si nitakuwa wa kwanza kufutwa?"

Swali hili ni la haki, na sitakudanganya kwamba kila bosi ni mwema. Anza na daktari, kwa sababu siri ya mgonjwa inalindwa. Kisha mwombe bosi jambo dogo linaloweza kupimika: kwa mfano, usijibu ujumbe baada ya saa mbili usiku, au upewe orodha ya kazi tatu za kwanza badala ya kumi. Bosi hulielewa ombi kama hilo kuliko neno "nimechoka."

La kufanya

1. Andika saa zako halisi kwa wiki mbili, pamoja na zile za simu na kompyuta nyumbani. Zikifika 55, hilo ni jambo la daktari kama ilivyo homa.

2. Weka saa ya kuzima simu ya kazi. Chaja ikae sebuleni, si kando ya mto.

3. Tembea. Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka zinatosha kuanzia. Shuka matatu vituo viwili kabla ya kazi.

4. Ishi kwa mshahara unaoingia benki, usiishi kwa hisa za ahadi. Kidogo kidogo weka akiba ya miezi mitatu. Kwa daktari, akiba ni dawa ya usingizi, maana mtu anayeweza kulipa kodi ya nyumba miezi mitatu bila kazi haogopi kila kikao cha Ijumaa.

5. Kuwa na watu wasiohusiana na kazi yako: kanisa au msikiti, chama, timu ya mpira, ndugu wa nyumbani. Ofisi ikikuambia ninyi ni familia, furahi, lakini familia haimfuti mtoto kwa video.

6. Maumivu ya kifua, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, uso kupinda, au ulimi kuwa mzito: usingoje mkutano wala mkubwa yeyote. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa waajiri nina ombi moja. Ikiwa lazima mpunguze watu, semeni mapema, tajeni tarehe, na mwambieni kila mmoja uso kwa uso. Habari mbaya yenye tarehe humwumiza mtu mara moja. Minong'ono ya miezi mitatu huwaumiza wote, hata wale watakaobaki.

Nanyi wazazi na wake na waume, msiulize tu, "Mshahara umeingia?" Ulizeni pia, "Umelala saa ngapi?" Kijana anayejibu saa nne, wiki baada ya wiki, anahitaji kupimwa presha kabla hajaongezwa cheo.